Kaka wa Ijumaa

Niliondoka Wundanyi kwenye gari la mboga. Ilikuwa siku ya soko, na dereva alikuwa anateremka na makabichi na nyanya za watu. Alinipa kiti cha mbele kwa sababu mimi ndiye niliyemtengenezea jokofu la duka lake. Tulishuka zile kona ukungu ukiwa bado mzito. Niligeuka nyuma mara moja, nikaona paa la kanisa, halafu sikuona kitu. Voi nikapanda treni ya Nairobi, na Nairobi nikaungana na kundi la wanaume ambao wakala alituvisha fulana za rangi moja ili tusipotee uwanja wa ndege. Tulibadilisha ndege katika nchi ambayo sikuiona isipokuwa sakafu yake. Nilipofika Riyadh miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kutoka.

Sikuwa mgeni wa safari. Baada ya kidato cha nne nilijifunza ufundi wa majokofu na viyoyozi Mombasa, nikafanya kazi hapo, nikaenda Juba, nikarudi, nikaenda Arusha, nikarudi. Nikikaa mahali muda mrefu miguu inawasha. Nikiondoka, naanza kupakumbuka nikiwa bado kituoni. Mke wangu alikuwa akisema, "Wewe unaupenda mji ukishakuwa nyuma yako." Lakini safari hii sikuongozwa na miguu. Nilikuwa namfuata yeye. Alinitangulia Saudia, akafanya kazi ya nyumbani Jeddah, na watoto wetu wakabaki kwa mama yangu.

Kabla sijaondoka nilidhani Riyadh na Jeddah ni kama Voi na Mwatate. Kumbe ni kama kutoka Mombasa hadi Malaba. Kafili wangu, yaani mdhamini wangu na mwenye kampuni ya viyoyozi, aliniweka kwenye chumba cha mafundi Al-Murabba, akaniambia nisitembee mbali mpaka ikama, kadi ya ukaazi, itoke. Ikama ilichelewa. Bila ile kadi mtu ni mzigo uliosahauliwa bandarini. Askari yeyote anaweza kuuliza wewe ni wa nani. Hata hivyo Ijumaa ilipofika sikuweza kulala chumbani na wenzangu nikitazama dari. Nilipanda basi dogo nikaenda Al-Kharj, nikaenda Diriyah ambako kuta za udongo zilikuwa zinakandikwa upya kwa ajili ya watalii waliotarajiwa, siku moja nikafika hadi Shaqra, nikarudi wakati wa magharibi. Nilikuwa nabeba spana kubwa mkononi. Mtu mwenye spana haulizwi anakwenda wapi. Lakini kila gari la polisi lilipopunguza mwendo, mkono ulioishika spana ulilowa jasho, na nilijifunza kutazama dukani kama mtu anayetafuta kiyoyozi kibovu.

Hatimaye ikama ikatoka, na kafili akapata kazi ya majengo Jeddah. Nilijitolea kabla hajamaliza kusema. Tulikwenda kwa pikapu iliyojaa mashine, siku nzima ya jangwa, na karibu na Makka tukaiacha barabara kuu, tukashika ile ya kuzunguka ya wasio Waislamu. Simu ikalia. Alikuwa mke wangu.

"Umefika wapi?"

"Tunazunguka Makka."

"Sikiliza vizuri. Ukija getini kwetu, wewe ni kaka yangu."

"Kaka wa wapi?"

"Wa tumbo moja. Usiniguse. Usinitazame sana."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo aliponieleza kwamba wakala wake kule Nairobi alimwagiza aseme hajaolewa, kwa sababu nyumba nyingi hazitaki mwanamke atakayelilia mume. Akasema hivyo, akaandikwa hivyo, akasahau. Sasa alitaka ruhusa ya kutoka Ijumaa, na madam wake asingemruhusu atoke na mwanamume yeyote. Ila kaka ni haki. Kaka anamlinda dada yake.

"Nimeshamwambia," akasema. "Amefurahi sana. Anataka kukuona."

Nilikwenda nimevaa shati la kanisani. Madam alitoka hadi getini, mwanamke wa umri wangu, uso wazi, abaya ya rangi ya kijivu kama walivyoanza kuvaa miaka ile ya mabadiliko. Alinitazama, akamtazama mke wangu, akanitazama tena.

"Mnafanana," akasema. "Pua ileile."

Tulipokuwa mbali na ile nyumba mke wangu akaegemea ukuta akicheka hadi machozi. "Pua yangu na yako hiyo! Huyu mama anahitaji miwani."

Mimi sikuweza kucheka bado. Niliona wazi tulichokifanya. Kama ukweli ungejulikana, yeye angerudishwa ofisi ya wakala siku hiyohiyo, na mimi ningekuwa mwanamume aliyekuwa akimtoa mwanamke asiye wake kila Ijumaa kwa uongo. Kusema kwamba ni mke wangu kusingetuokoa. Karatasi zake zilisema hana mume, na cheti chetu cha ndoa kilikuwa Wundanyi, ndani ya sanduku la mama.

Basi ndoa yetu ikawa ya Ijumaa. Mimi nilipanga kitanda mtaa wa Bani Malik, chumba cha wanaume wengi, kwa hiyo hatukuwa na pa kukaa. Tulisikia kwamba watalii hawaulizwi tena cheti cha ndoa hotelini. Sisi hatukuwa watalii. Alikuwa anamaliza kupika chakula cha mchana, anatoka, tunapanda teksi ya kuchangia, yeye nyuma mimi mbele, na anatakiwa kurudi kabla ya isha. Tulikwenda Obhur kutazama watu wanaoogelea na nguo zao. Tulikwenda Rabigh, hakuna kitu Rabigh, tukala samaki tukarudi. Tulikwenda Thuwal tukazuiwa njiani, tukala machungwa kando ya barabara. Mbele za watu nilimwita dada. Tulipokuwa peke yetu aliniita kaka kunichokoza.

"Kaka, nibebee mfuko."

"Acha hivyo."

"Kaka ana hasira leo."

Baada ya miezi kadhaa nikagundua kwamba nikitembea naye naacha nafasi katikati yetu hata pasipo na mtu. Hilo liliniogopesha kuliko askari.

Watoto nao walikuwa hatari. Walipopiga simu ya picha, mdogo alikuwa anapaza sauti, "Mama!" na neno hilo madam alilielewa vizuri. Mke wangu alimwambia ni watoto wa kaka yake, yaani wangu, na kwetu shangazi naye huitwa mama. Madam akapendezwa na desturi hiyo. Kuanzia hapo kila aliponiona alinisifu kwa watoto wangu wazuri, akaniuliza mama yao yuko wapi, nami nikasema yuko kazini, mbali.

Halafu madam akapata leseni. Wanawake walikuwa wamekwisha ruhusiwa kuendesha magari, na yeye alijifunza kwa bidii ya mtu aliyengoja nusu ya maisha. Alinunua gari jeupe. Mumewe alikuwa mtu wa safari za biashara, tulimwita baba, na sikumwona zaidi ya mara mbili. Sasa madam alitaka kwenda kila mahali, na hakutaka kwenda na gari la watoto na mizigo bila mwanamume wa kubadilisha tairi. Mwanamume alikuwepo. Alikuwa kaka.

Hivyo Ijumaa zetu zikachukuliwa. Tulikuwa tunakwenda pamoja, magari mawili: la mbele madam, watoto wake na mke wangu, la nyuma mama yake madam, ambaye wote walimwita hajja, na dereva wa hajja, na mimi. Dereva huyo alikuwa Msudani mrefu, mjane, mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. Alikuwa amemwendesha hajja miaka mingi na alimshika mkono kushuka kila ngazi kama mama yake mzazi. Hakuwa na maneno mengi. Alinifundisha kunywa kahawa yao bila kukunja uso, akanionyesha jinsi ya kutikisa kikombe kuashiria nimetosheka, maana kabla ya hapo nilikuwa naendelea kunywa kwa adabu na wao wanaendelea kumimina kwa adabu.

Nilimpenda yule mtu. Naandika hivyo kwa sababu mambo yangekuwa rahisi kama ningemchukia.

Siku iliyoharibu mambo tulipanda Taif. Madam alilalamika kwa utani kwamba kwa ajili yetu Wakristo wawili analazimika kuzunguka Makka na kuchoma petroli. Kisha mlima wa Al-Hada ukaanza, barabara inayojikunja juu ya jabali, na nyani wamekaa kwenye kingo kama watu wanaongoja malipo. Madam aliendesha kwa kasi. Kutoka gari la nyuma niliona kichwa cha mke wangu kikiyumba kila kona, na nilikuwa nakanyaga sakafu kana kwamba breki iko kwangu. Msudani naye alikuwa anasoma dua kimya. Nilidhani hiyo ndiyo hofu ya siku ile.

Tulikwenda hadi Al-Shafa, juu kabisa. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nilipofungua mlango nikanusa ubaridi na miti mibichi, na kwa muda nikawa kwetu. Nilitaka kumwita mke wangu nimwambie vuta pumzi, umesikia? Alikuwa anawasha mkaa. Alinusa pia, nilimwona akiinua kichwa.

Tulitandika zulia. Hajja akafunikwa blanketi. Madam akaniita.

"Kaka, njoo ukae hapa."

Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Madam hakuwahi kunimiminia kahawa.

"Dada yako ni mwanamke mzuri," akasema kwa Kiarabu chake cha polepole alichotumia nasi. "Safi. Mkweli. Kwa nini hana mume?"

"Ni mambo ya Mungu, madam."

"Mungu ameshaleta." Akageuza macho kuelekea magari. Msudani alikuwa ameinama anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Amenijia kwa heshima, kupitia mama. Hakumwambia dada yako hata neno. Wewe ndiye ndugu yake wa kiume hapa, wewe ndiye wa kuulizwa."

Nilijua sasa maana ya kahawa. Nikajaribu kila mlango.

"Yeye ni Mwislamu, madam. Sisi ni Wakristo."

"Mwanamume wetu anaruhusiwa kuoa Mkristo. Halali. Mafi mushkila, hakuna shida."

"Nchi ni mbili tofauti."

"Balozi zipo. Nitawapeleka mwenyewe, naendesha."

"Labda yeye hataki kuolewa."

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Yalla, tumuulize." Akamwita.

Mke wangu akaja akipangusa mikono yenye mkaa kwenye nguo. Madam akamkalisha, akamshika bega, akamwambia yote kwa furaha: mtu mwema, mjane, hana mtoto, anamuogopa Mungu, kaka yako yuko hapa ni shahidi. Unasemaje?

Mke wangu akatazama chini. Hakusema kitu.

Nilimjua. Tumekaa pamoja miaka mingi, na nilijua kwamba kelele zake ni amani. Akigomba, mambo ni mazuri. Mke wangu akinyamaza, hama nyumba. Alikuwa amejaa hasira hadi masikioni, na alikuwa anangoja mimi, mwanamume, niseme jambo. Nami nilikuwa nangoja yeye akatae, kwa sababu akikataa mwenyewe hakuna wa kuulizwa zaidi.

Kumbe kwao, mwanamke aliyeulizwa habari ya ndoa akanyamaza, amekubali. Haya imemfunga mdomo. Madam akangoja kidogo, akanitazama akitabasamu, kisha akaweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele. Hajja, ambaye alikuwa anasinzia, akaitikia kutoka ndani ya blanketi bila kujua ni cha nini. Nyani wawili waliokuwa wananyemelea mkate wakakimbia. Kule kwenye tairi, yule Msudani akajifuta uso kwa kilemba chake.

Tulipokuwa tunapakia sufuria nikapata nafasi ya kuwa karibu na mke wangu.

"Kwa nini hukukataa?" akaninong'oneza.

"Kwa nini wewe hukukataa?"

"Mimi nilinyamaza kabisa! Kuna kukataa kuliko huko?"

Nikamweleza kigelegele kilikuwa cha nini. Sufuria ikamponyoka.

Nilimwambia madam kwamba kwetu ndoa haiamuliwi na kaka. Lazima wazee. Nilidhani hilo lingechukua mwaka. Akasema vizuri sana, Ijumaa ijayo tutampigia baba yenu simu ya picha, tumwone, amwone bwana harusi. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa. Mimi nilipeleka mbuzi kwake kwa mikono yangu, nikakaa uani kwake nikiulizwa maswali na wajomba mpaka jua likazama. Sasa angeulizwa kwenye kioo cha simu kama anampenda mkwe mpya.

Wiki ile nilifanya kazi juu ya mapaa nikiwa sijui nashika waya gani. Simu ikitetemeka mfukoni, naweka vifaa chini kwanza. Ujumbe wa mke wangu ulikuwa mfupi. "Madam amenunua kitambaa." Halafu, "Ameuliza namba ya kiatu changu." Halafu, "Hajja ananifundisha kupika wanavyokula Sudan." Msudani naye alinipigia kila siku baada ya alasiri kunijulia hali tu. Alikuwa ameanza kuniita shemeji kwa lugha yake. Aliniletea tende Bani Malik, akapanda ngazi zote nne, akawagawia na wenzangu wa chumba, nao wakanipongeza.

Mtu yeyote angeuliza kwa nini hatukumwambia madam. Nilimwuliza mke wangu hivyo, kwa simu, yeye amejifungia bafuni.

"Ananiita mkweli," akasema. "Kila mgeni akija ananionyesha: huyu ndiye mkweli. Nikimwambia, jioni sina kazi. Na wewe atakuitia polisi. Si kwa ubaya. Kwa aibu."

"Basi nimwambie yule bwana."

"Na akikasirika?"

"Sijui."

"Mwambie mahali penye watu," akasema. "Na uwe umevaa viatu vya kukimbilia."

Hakuwa anatania, au alikuwa anatania nusu. Siku mbili kabla ya ile Ijumaa nilimwomba yule Msudani tukutane Ruwais, ufuoni, baada ya sala ya alasiri. Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akidhani nimekuja kuzungumza mahari. Alileta chupa ya chai. Tulikaa kwenye mawe. Familia zilikuwa zinapita nyuma yetu na baiskeli za watoto, na askari mmoja alikuwa ameegesha pikipiki karibu na muuza mahindi. Nilimtazama yule askari wakati nasema. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Si dada yangu. Ni mke wangu. Wale ni watoto wetu.

Akaweka kikombe chini juu ya jiwe, polepole, mpaka kikakaa sawa. Nikamwona akipiga hesabu ya nyuma: safari zote, kila mara aliponitazama nikimtazama.

"Umeniacha nimwombee mke wa mtu kwenye sala zangu," akasema.

Akasimama na simu yake mkononi. Alikwenda hadi majini, akachota maji akanawa uso, akabaki ameinama. Askari aliwasha pikipiki. Nilijiambia, Msudani akimpungia mkono, nakimbilia wapi? Ikama yangu ina jina langu na la kafili. Hakuna Jeddah ya kujificha. Askari akaondoka na hindi lake. Msudani akarudi, ndevu zinadondosha maji.

"Nitasema nimebadili nia," akasema. "Watanicheka, mtu mzima mimi. Sawa. Lakini hajja ataniuliza sababu. Nikimwambia sina, ataendelea kuuliza, ndivyo alivyo. Na siku atakayoniuliza kwa jina la Mungu, sitamdanganya. Mmoja wenu aondoke kabla ya siku hiyo, msikutwe pamoja."

"Siku gani?"

"Mimi najuaje? Muulize hajja." Akachukua chupa yake ya chai, akatembea hatua chache, akageuka. "Mkeo alijua kwamba kunyamaza ni kukubali? Siku ile mlimani?"

"Alinyamaza kwa hasira."

Akatikisa kichwa, na nadhani alikaribia kucheka. Hakunipigia simu tena.

Madam alimkasirikia Msudani kama vile aliyeachwa ni yeye. Alimnunulia mke wangu manukato, akampa siku ya mapumziko ambayo hakuomba. Mke wangu alilia, machozi ya kweli, ya wiki nzima ya woga, na madam akamkumbatia jikoni akimwambia wanaume wote ni hivyo. Lakini safari zikakoma. Gari la hajja na gari la madam hayakwenda tena pamoja. Niliruhusiwa kusimama getini tu, na kila niliposimama niliangalia dirisha la hajja la juu. Mke wangu alisema bibi ameanza. Wakati wa kahawa anamwita dereva: ulimwona na kasoro gani yule binti? Ni mgonjwa? Umesikia nini?

Tulibishana nani aondoke. Ilikuwa ubishi wa getini, wa sauti ndogo, mimi nimeshika spana ili nionekane nimekuja kutazama kiyoyozi. Mkataba wake ulikuwa umebaki mwaka na ushee, na kwake hapakuwa na namna ya kuukata bila maswali. Wangu ulikuwa unaisha. Isitoshe Bani Malik walikuwa wameanza kupiga rangi nyekundu kwenye kuta za majengo yatakayobomolewa, na letu lilikuwa na alama.

"Nenda wewe," akasema. "Watoto wanahitaji mmoja."

"Na wewe je?"

"Mimi nitanyamaza. Sasa najua wanavyonielewa."

Nilimwomba kafili kibali cha kuondoka moja kwa moja. Alishangaa, akataka kuniongeza mkataba, mwisho akasema halas, basi. Zile siku za kungoja kibali zilikuwa mbaya kuliko zote. Nililala na nguo. Mtu akigonga mlango wa jirani, nilikuwa nimeshakaa.

Nilitaka kwenda uwanja wa ndege kwa teksi. Madam akakataa. Kaka wa mkweli haendi kwa teksi. Alikuja mwenyewe na gari jeupe, mke wangu ndani, na akashuka kupanga begi langu.

"Kaeni nyuma wote wawili," akasema. "Ndugu hamtaonana upesi."

Tukakaa nyuma. Katikati yetu mke wangu aliweka mkoba wake. Ilikuwa asubuhi, jua kali, na macho ya madam yalikuwa kwenye kioo mara kwa mara, kwa huruma, nafikiri. Mke wangu alitazama dirisha lake na mimi langu. Kwenye tuta la barabarani mkono wake uliangukia wangu, ukakaa kidogo, ukaondoka.

"Yule Msudani sijui aliingiwa na nini," madam akasema. "Leo ungekuwa unamwacha dada yako kwa mumewe. Moyo wako ungetulia."

"Ndiyo, madam."

"Mama anasema kuna jambo. Anasema atamuuliza Ijumaa baada ya sala, na safari hii atamwapisha." Akapiga honi mtu aliyemkata njia. "Lakini usiogope. Nitamtafutia mwingine. Mzuri zaidi."

Nikasikia mke wangu anavuta pumzi.

"La, madam," akasema kwa sauti, kwa Kiarabu. "Halas. Sitaki mume. Asante."

Madam akacheka. "Wote husema hivyo."

Mlango wa kuondokea ulikuwa umejaa mabegi yaliyofungwa kamba. Madam akasimama pembeni, akageuza uso kidogo ili atupe nafasi, lakini hakwenda mbali. Mke wangu akanipa mkono, mikono yote miwili, kama anavyopewa mkono mjomba kwenye msiba.

"Wasalimie watoto wako, kaka," akasema kwa Kiarabu.

Kisha kwa lugha ya kwetu, haraka, bila kubadilisha uso, akaniambia mdogo apelekwe kung'olewa jino, niangalie paa upande wa jiko, na nisimruhusu mama auze ng'ombe. Akasema jambo moja zaidi ambalo sihitaji kuliandika hapa. Madam alimpungia, wakarudi garini.

Nilisimama upande wa ndani wa kioo. Hiyo Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Dereva wa hajja angesema kaka amekwenda, halafu angeulizwa la pili, na la tatu, na mimi nisingekuwepo hata getini. Gari jeupe lilijaribu kuingia kwenye msururu, likazuiwa, likajaribu tena, likaingia. Afisa nyuma ya meza akaniambia niweke vidole. Niliviweka, na vilikuwa vimelowa hata mashine haikuvisoma, akanipa karatasi nivifute, nikavifuta, nikaviweka tena.

"Unarudi?" akauliza.

Nikasema hapana. Nyuma yangu mtu akasema yalla, nikasogea.